Vidokezo: Linganisha Hopsi Kabla ya Kupika Bia

Uchungu na harufu ya bia hutokana kwa kiasi kikubwa na maua ya hopsi. Aina ni nyingi, na kila muuzaji husifia yake. Zipime mwenyewe.

1. Anza na asidi ya alfa. Asilimia yake huandikwa kwenye pakiti, nayo ndiyo inayoleta uchungu. Saaz ya Ucheki huwa na 3 hadi 4 hivi, Magnum ya Ujerumani 12 hadi 14. Kwa hiyo uchungu wa gramu 10 za Magnum utakudai karibu gramu 40 za Saaz.

2. Nusa. Hatua hii usiiruke kamwe. Pasua ua kavu katikati, utaona unga wa manjano unaonata; asidi na mafuta yenye harufu yamo humo. Lisugue viganjani mpaka vipate joto, kisha nusa. Saaz ni ya upole, yenye harufu ya viungo na majani makavu. Cascade, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1972, inanukia balungi waziwazi. Citra ni embe, pasheni na ndimu. Pumzisha pua kabla ya kwenda kwa nyingine.

3. Pika bia moja, igawe kwenye ndoo. Kimea kilekile, hamira ileile. Bia ikishachacha, tia kila ndoo hopsi yake kwa uzito uleule, acha siku 3 au 4, ndipo uonje. Hakuna maelezo ya pakiti yatakayokufundisha kama glasi hizo zikiwa mbele yako.

4. Tazama saa. Ikichemka dakika 60, hopsi hutoa uchungu wake, lakini harufu huondoka na mvuke. Citra ya bei kubwa ukiitia mwanzoni umeipoteza bure. Mwanzoni tia Magnum, Citra ingojee dakika 5 za mwisho.

5. Uliza mwaka wa mavuno. Hopsi iliyochakaa hunuka kama jibini, na kuilinganisha na mpya ni kuionea. Hifadhi kwenye friza, pakiti isiyo na hewa. Mpikaji wa Mombasa au Dar es Salaam azingatie zaidi, maana mmea huu hupenda siku ndefu za kiangazi, hivyo hopsi humfikia kutoka mbali.

6. Saaz isikose mezani. Harufu za matunda ndizo zinazopendwa sasa, ila bia ya dhahabu ya mji wa Plzeň, Ucheki, ya mwaka 1842 ilipikwa kwa Saaz, na lager nyingi duniani bado zinaifuata.