Mshtuko wa Hofu: Unavyotokea na Jinsi ya Kuukabili

Boti ya abiria imetoka Faza kuelekea kisiwa cha Lamu. Bahari ni shwari. Inapokata Mkanda, mama mmoja anaanza kuhisi moyo ukimdunda kwa nguvu. Vidole vinamfa ganzi, jasho la baridi linamtoka, kifua kinambana na pumzi haimtoshi. Anaamini kwamba anakata roho. Abiria mmoja anampepea, mwingine anamsomea dua, wa tatu anamsihi nahodha aongeze mwendo. Wanapofika jeti ya Lamu, hali imetulia. Hospitalini anapimwa moyo, presha na sukari, na vyote vinaonekana sawa.

Huu ni mfano wa kufundishia tu, lakini wapo wakazi wengi watakaojiona ndani yake. Hali hiyo huitwa mshtuko wa hofu. Haimaanishi kwamba mtu ni mwoga, ana imani haba au amerukwa na akili. Ni hali ya kiafya inayofahamika, na ina tiba.

Mwili unafanya nini?

Kila binadamu ana kengele ya hatari mwilini mwake. Nyoka akitokea kichakani, ubongo huamuru homoni ya adrenalini imwagwe kwenye damu. Moyo huenda mbio ili kupeleka damu kwenye misuli, pumzi huongezeka na jasho hutoka. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia.

Katika mshtuko wa hofu, kengele hiyo hulia wakati hakuna nyoka. Mtu huanza kuhema haraka, na kwa kuhema hivyo hutoa hewa ya kaboni nyingi kupita kiasi. Upungufu huo ndio unaoleta kizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo, na hisia ya kukosa pumzi. Anapozihisi dalili hizo huogopa zaidi, na hofu hiyo mpya huzidisha dalili.

Hali hii si ngeni duniani. Mwaka 1871, daktari wa Marekani Jacob Da Costa aliandika kuhusu wanajeshi waliolalamikia mapigo ya moyo na maumivu ya kifua, ilhali moyo wenyewe haukuonekana kuwa na ugonjwa.

La muhimu kujua ni kwamba mshtuko una mwisho. Kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hupungua, kama maji yanavyojaa na kupwa. Mwili hauwezi kuendelea kumwaga adrenalini kwa kiwango hicho bila kikomo.

Kwa nini humpata mtu?

Mara nyingine hakuna sababu inayoonekana. Wengine hurithi wepesi wa kushtuka, na wengine huelemewa na msiba, madeni, ugonjwa au kukosa usingizi. Miraa na kahawa nzito huupeleka moyo mbio, na zinaweza kuamsha mshtuko kwa mtu aliye mwepesi kuupata.

Lamu ina majeraha yake pia. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, na usiku uliofuata mauaji yakaendelea katika vijiji jirani. Zaidi ya watu 60 waliuawa. Mtu aliyeponea tukio kama hilo, ajali ya boti au shambulio barabarani anaweza kushikwa na hofu miaka mingi baadaye, kwa sababu ya mlio wa fataki za harusi au harufu ya moshi tu. Akiandamwa pia na jinamizi au kumbukumbu za tukio hilo, amweleze mhudumu wa afya, kwa kuwa hali hiyo ina tiba yake mahsusi.

Hofu ikikushika

1. Keti, au shika kitu imara. Usikimbie.
2. Jiambie: "Huu ni mshtuko wa hofu. Utapita."
3. Vuta hewa kwa pua taratibu ukihesabu hadi 4, kisha itoe kwa mdomo ukihesabu hadi 6. Endelea kwa dakika kadhaa. Usipumulie ndani ya mfuko.
4. Taja vitu vitano unavyoviona: mlingoti, kamba, mikoko, kofia, ndoo. Hilo huyarudisha mawazo pale ulipo.
5. Usipigane na hofu. Iache ipande, ishuke.

Ukiwa karibu na aliyeshikwa

Zungumza naye kwa sauti ya chini: "Niko nawe, dada. Tupumue pamoja polepole." Waombe watu wasimzonge. Usimwambie aache deko, wala usimpe vidonge vya mtu mwingine. Kama dua humtuliza, aombewe. Ibada na ushauri wa wazee havizuii matibabu, na matibabu hayazuii ibada.

Mtego wa kukwepa

Turudi kwa yule mama wa Faza. Baada ya siku ile anaapa kutopanda boti tena, na kwa kutopanda anapata nafuu. Lakini nafuu hiyo humfundisha ubongo wake kwamba boti ndiyo hatari, na hofu huzidi kuota mizizi. Kwengineko mtu akiogopa gari anaweza kutembea. Kwa mkazi wa Pate, Ndau au Kiwayu, kuacha boti ni kuachana na hospitali kubwa, soko, ofisi na ndugu walio ng'ambo.

Njia ya kutoka ni kurudi hatua kwa hatua. Wiki ya kwanza aende jetini akatazame boti tu. Kisha aketi ndani ya boti iliyofungwa. Halafu afanye safari fupi na mtu anayemwamini, na baadaye safari ndefu. Katika kila hatua abaki mpaka hofu ishuke yenyewe. Hivyo ndivyo ubongo unavyojifunza upya.

Lini kwenda hospitali?

Mshtuko wa hofu unaweza kufanana na mshtuko wa moyo. Kwa hiyo anayeupata kwa mara ya kwanza apimwe. Asijitibu kwa kukisia. Pumu, upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na kushuka kwa sukari huweza kuleta dalili zinazofanana nazo.

Usingoje iwapo maumivu ya kifua yanasambaa hadi mkononi, mgongoni au kwenye taya, mtu akizimia, au dalili zikikataa kutulia. Hiyo ni dharura.

Hofu ikijirudia, au ikikuzuia kazi, masomo au safari, anzia zahanati ya karibu au kwa mhudumu wa afya wa jamii, ambaye anaweza kukuelekeza hospitalini Mpeketoni, Faza au King Fahd mjini Lamu. Tiba kuu ni ushauri nasaha unaomfundisha mgonjwa kuielewa hofu na kuikabili. Wengine huhitaji pia dawa za kila siku, ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo na hazifai kuachwa ghafla bila ushauri wa daktari. Anayehitaji kuzungumza na mshauri anaweza kupiga simu bila malipo nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Anayewaza kujidhuru asiachwe peke yake, na afikishwe hospitalini mara moja.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya huduma bora ya afya, na afya ya akili imo humo. Mkazi hapaswi kuona haya kumwambia mhudumu, "Nashikwa na hofu," kama asivyoona haya kusema ana homa.