AMANA YA FUNDI
Mas-ala ya wenye kutengeneza vyombo vya umeme



Darsa hii twaiandika kwa ajili ya mafundi wa vyombo vya umeme, wale wanaokaa vidukani na vibarazani Darajani, Mlandege na vichochoroni mwa Mji Mkongwe, na wenzao wa shamba, tangu Mkokotoni hata Makunduchi, ambao kazi yao ni kufungua feni, friji, pasi na mashine za kufulia wakazirudisha katika uzima wake. Na twaiandika vile vile kwa wenye kuwapelekea vyombo hivyo, kwani mkataba una watu wawili, na ugomvi mwingi wa vidukani huzaliwa na ujinga wa wote wawili. Tumefuata madhehebu ya Imamu Shafii, r.a., na khasa kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra.

Ubora wa kazi ya mikono hauhitaji maneno mengi. Mtume, s.a.w., alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe, Nabii Daud akila kwa kazi ya mkono wake, na Nabii Zakariya alikuwa seremala. Haya yote yamo katika Hadithi, na kila mtu ameyasikia.

Linalohitaji maneno ni hili: fundi anajua asilolijua mwenye chombo. Mtu huja na feni yake ya darini, inazunguka polepole kama aliyechoka. Fundi akishika mita yake, kwa dakika chache hujua kwamba kapasita imedhoofu, nayo ni kipande kidogo cha bei ndogo. Lakini mwenye feni hajui kapasita wala mota. Akiambiwa, “Bwana, mota imeungua, lazima isukwe upya,” ataitikia, atatoa fedha, na atarudi nyumbani akimwombea dua fundi aliyemwibia. Hapana shahidi katika jambo hili illa Mwenyiezi Mungu. Naye Mtume, s.a.w., alipotia mkono wake katika chungu ya nafaka sokoni akakuta chini ni mbichi na juu ni kavu, alimkana mwenye kughushi kuwa si katika sisi. Basi mwenye kuficha kapasita nyuma ya mota amefanya kama yule, bali yeye amezidi, kwani nafaka mnunuzi angeweza kutia mkono akaitazama, na ndani ya mota hawezi.

MAS-ALA YA UJIRA. Ada ya watu wa mji wetu ni kuweka chombo mezani na kusema, “Fundi, nitazamie hiki, tutaelewana.” Na fundi hujibu, “Hapana neno, Sheikh wangu.” Hili ni neno la mapenzi, walakini ndani yake mna fitina. Imamu Nawawi amesema juu ya mtu aliyempa mshonaji nguo naye akaishona, na ujira haukutajwa: neno lenye kutegemewa ni kwamba mshonaji hana ujira. Akataja na kauli ya pili, kwamba anao. Na ya tatu, kwamba akiwa ni mtu maarufu kwa kazi ile anao, na kama si maarufu hana; na hii ya tatu akaashiria kwamba yaweza kuonekana kuwa nzuri. Tazama basi, ewe fundi! Umekaa siku mbili juu ya mashine ya kufulia, na kwa kauli yenye nguvu huna haki ya hata senti moja, kwa sababu ya kuona haya kutaja bei. Haya hiyo si adabu. Taja kabla hujashika bisibisi.

Huenda fundi akasema, “Nitatajaje bei nami sijaifungua?” Jawabu: ifanye kazi kuwa mbili. Ya kwanza ni kuifungua na kuipima, na hiyo ujira wake unajulikana, umtajie. Ya pili ni kuitengeneza, nayo usiianze mpaka umempelekea mwenyewe khabari ya ubovu na bei, naye akaridhika. Siku hizi simu iko mfukoni mwa kila mtu, na udhuru wa kutompata hausikilizwi sana.

Na ikiwa ubovu wenyewe haujulikani, kama friji ambayo gesi yake yavuja mahali pasipoonekana, iko njia nyingine iitwayo juala, nayo ni kusema, “Ukiipoza friji yangu, una kadha wa kadha.” Katika juala kazi yajuzu kutojulikana, lakini malipo lazima yajulikane. Asili yake wametaja shehena ya ngamia katika Suratu Yusuf, aya ya 72, na Hadithi ya Abu Said Alkhudri juu ya masahaba waliomsomea aliyeumwa na nge wakapewa kondoo. Lakini ajue fundi kwamba katika juala, isipopoa hapati kitu, hatta kama ametoka jasho la mwezi mzima.

Tena yako mambo ya waya, risasi ya kuchomelea, gesi na vipande vipya: ni juu ya nani? Wanavyuoni wamelizungumza hili katika uzi wa mshonaji na wino wa mwandishi. Imamu Rafii amesahihisha kwamba hurejewa ada ya watu. Na ada ikiwa haina msimamo, ni wajibu kubainisha, na bila ya kubainisha mkataba hubatilika. Nasi twaona ada yetu haina msimamo. Fundi huyu huhesabu risasi na waya katika ujira wake, na yule wa duka la pili huviandika mbali. Basi bainisheni. Na kipande ukikiita kipya, kiwe kipya. Ukikitoa katika feni iliyokufa, sema kwamba umekitoa katika feni iliyokufa, kisha uza kwa bei yake. Hapana haramu katika kitu kikuukuu, haramu ni jina la uongo.

Na hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hulipita kama hawalioni. Mota inaposukwa upya, waya wa shaba wa zamani hutolewa, na shaba ina wanunuzi wake wanaoipima kwa kilo. Ni ya nani shaba ile? Ni ya mwenye feni. Hakuiuza wala hakukupa. Kadhalika kompresa iliyokufa ya friji, na kila ulichokitoa. Mrudishie mkononi, naye akisema, “Chukua, fundi, sina haja nacho,” hapo ni halali yako kama maziwa ya mama. Kumrudishia kuna faida ya pili: mwenye chombo akiona kipande kibovu kwa macho yake, moyo wake hutulia.

MAS-ALA YA DHAMANA. Chombo kikiharibika au kikiibwa mkononi mwa fundi, je, atalipa? Hili ndilo kubwa katika darsa hii.

Ikiwa fundi anafanya kazi nyumbani kwa mwenye chombo, naye mwenyewe yupo, halipi illa kwa kosa lake. Na ikiwa amekichukua dukani kwake, hapo wanavyuoni wamekhitalifiana. Imamu Malik amewatia mafundi katika dhamana. Wanafunzi wawili wa Imamu Abu Hanifa, Abu Yusuf na Muhammad, wamesema hulipa lile ambalo lingeweza kuepukika. Na imepokewa kwamba Sayyidna Ali, r.a., alimtoza muosha nguo na mtia rangi, akiona kwamba watu hawatatengenea illa kwa hivyo. Ingawa Imamu Shafii hakuitia nguvu riwaya hiyo. Ama kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu yetu ni kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana. Moto ukitoka duka la jirani ukaunguza feni za watu, halipi. Akidai kwamba chombo kimepotea bila ya taksiri yake, husadikiwa kwa kiapo chake.

Lakini sikiliza alilolisimulia Rabii, mwanafunzi wa Imamu Shafii. Amesema kwamba itikadi ya Imamu ilikuwa ni hiyo, kuwa fundi hana dhamana, walakini alikuwa halitangazi neno hilo, kwa kuwaogopa mafundi waovu. Imamu aliijua hukumu akauzuia ulimi wake, kwa kuwa alijua watu wa sokoni watakavyoitumia. Sisi leo twaitangaza, kwa kuwa imekwisha andikwa vitabuni tangu zamani. Na fundi anayeisoma na aingiwe na hofu kabla ya kufurahi. Sharia imelikubali neno lake. Imemweka mwenye mali, aliyepoteza friji yake, asimame asikilize kiapo cha fundi, kisha aende zake mikono mitupu. Na friji ile huenda ndiyo anayouzia barafu mkewe, au mama mjane aliyekuwa akipata humo riziki ya watoto.

Tena amana hii huvunjika kwa taksiri, nayo milango yake ni mingi. Fundi aliyeipeleka feni ya mtu nyumbani kwake ijipepee jamaa yake usiku mmoja tu, amekiuka. Tangu saa ile iko katika dhamana yake. Aliyemwachia mwanafunzi asiyejua kazi ambayo yataka mjuzi, amekiuka. Aliyechomeka katika umeme wetu wa volti 230 mashine iliyotengenezwa Marekani kwa volti 120, bila ya kusoma kibandiko chake, amekiuka, naye atalipa. Friji nyingi za sasa zina gesi iitwayo R600a, nayo hushika moto. Mwenye kuelekeza mwali wa kuchomelea katika bomba lake kabla ya kuitoa gesi na kupapitisha hewa hakuhatarisha mali peke yake, amehatarisha roho.

Na mbaya kuliko yote ni waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano. Wako mafundi huukata na kuuacha, kwa kuwa pasi huwaka bila ya huo, na mashine ya kufulia huzunguka bila ya huo. Ni kweli huwaka. Lakini siku waya wa moto utakapogusa bati la ndani, umeme hautapata njia ya kuteremkia ardhini, utangoja mkono wa mtu. Na mkono huo mara nyingi ni wa mwanamke aliyesimama juu ya sakafu yenye maji. Mwenyiezi Mungu ametuambia katika Suratul Maida, aya ya 32, uzito wa nafsi moja. Fundi asiseme, “Nimeukuta umekwisha katwa.” Akiukuta umekatwa, aurudishe, au amwambie mwenyewe kwa maneno wazi, kwani anayejua ni yeye.

MAS-ALA YA KUPOKEA. Mwezi Desemba mwaka 2009 mkonga wa umeme uliopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, uliokuwa umelazwa mwaka 1980, uliharibika, na Unguja ikakaa gizani kiasi cha miezi mitatu, hatta Machi 2010. Mkonga mwingine wenye nguvu zaidi ulikuja kulazwa baadaye. Sasa chukua mfano wa mtu aliyempelekea fundi friji katika siku kama zile. Haikujaribiwa, kwa kuwa hapana umeme. Fundi akabadilisha kifaa cha kuwashia, naye mwenyewe akaichukua. Umeme uliporudi, kompresa haikuguruma. Mmoja asema, “Nimekupa inaguruma.” Wa pili asema, “Hivi hivi ndivyo ulivyoileta.” Nani atajua? Kwa hivyo chombo kijaribiwe mbele ya wote wawili kikiingia na kikitoka, na kama hapana njia ya kukijaribu, iandikwe kwamba hakikujaribiwa. Wakikhitalifiana juu ya kazi yenyewe, fundi akasema, “Uliniambia nisuke mota,” na mwenyewe akasema, “Nilikuambia kapasita tu,” Imamu Nawawi ametoa hukumu katika mfano wa mshonaji na kitambaa: husadikiwa mwenye mali kwa kiapo chake. Hapa basi fundi ndiye mwenye kukosa. Kalamu ni rahisi kuliko kiapo.

MAS-ALA YA CHOMBO KILICHOSAHAULIWA. Kila duka lina pembe yake ya vyombo ambavyo wenyewe hawakurudi. Fundi amekwisha kazi, hajalipwa, na nafasi yake imekuwa ghala. Baada ya mwaka huuza, au hukitoa vipande kidogo kidogo mpaka kikabaki gamba. Hili halijuzu, kwani ni mali ya mtu. Ikumbukwe Hadithi ya watu watatu waliofungiwa pangoni na jiwe: mmoja wao alikuwa na kibarua aliyeacha ujira wake akaenda zake, naye akauzalisha mpaka ukawa mifugo, na mwenyewe aliporudi akamkabidhi wote, wala hakubakisha. Kwa amali hiyo aliomba, na jiwe likasogea.

Walakini Sharia haikumwachia fundi mzigo usio na mlango. Na apewe uwakili wa kuuza siku ile ile ya kupokea. Na hapa iko daraja nyembamba: akisema mwenyewe, “Nisiporudi miezi sita, ndipo umekuwa wakili wangu,” uwakili huo ulioning'inizwa katika sharti hausihi kwa kauli sahihi zaidi. Na akisema, “Nimekuwakilisha tangu leo, ila usiuze kabla ya miezi sita,” yajuzu. Maneno yakaribiana, na hukumu zake ziko mbali. Naye wakili auze kwa bei ya soko, wala asijiuzie nafsi yake. Na akifa mwenyewe uwakili umekatika, na chombo ni cha warithi.

Kuandika mapatano ni katika mafundisho ya aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara. Tumeweka hapa sura ya hati, kila fundi aweza kuichapisha au kuiandika kwa mkono, nakala mbili:

Mimi fulani bin fulani, fundi wa mahali fulani, nimepokea kwa Bwana fulani friji moja, rangi kadha, leo tarehe kadha. Imejaribiwa mbele yetu sote wawili: taa yawaka, kompresa yaguruma, haipozi, mlango una mkwaruzo. Ujira wa kuifungua na kuipima ni shilingi kadha. Haitatengenezwa mpaka apewe khabari ya ubovu na bei, naye aridhike. Waya na risasi ni juu ya fundi. Gesi na vipande vipya ni juu ya mwenye friji. Kila kitakachotolewa ndani yake atarudishiwa. Na Bwana fulani amenipa uwakili tangu leo wa kuiuza kwa bei ya soko, kwa sharti nisiiuze kabla ya kupita miezi sita tangu siku nitakayompa khabari kwamba imekwisha. Nitoe ujira wangu, na kilichobaki ni amana yake kwangu mpaka aje. Sahihi ya fundi. Sahihi ya mwenye friji. Shahidi wa kwanza. Shahidi wa pili.

Wallahu aalam.