SOMO LA LEO: Operesheni ya macho kwa leza, piga hesabu kabla hujagusa mtaji



Sisi tunaouza mtandaoni duka letu ni simu, na simu bila macho haiuzi. Mimi nauza vitenge Nachingwea, mdogo wangu anauza viatu Ruangwa, wote tunavaa miwani ya kuonea mbali. Kila msimu wa ufuta hela ikiingia mtaani swali linarudi: tufanye leza tuachane na miwani? Safari hii tumelichambua.

1️⃣ Jua unanunua nini
Leza inachonga konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, ili picha itue vizuri kwenye retina. Haitibu mtoto wa jicho wala presha ya macho.

2️⃣ Angalia umri
Ukipita miaka 40 hivi, lenzi ya ndani inakakamaa na kusoma karibu kunakuwa shida. Leza haizuii hilo. Mimi nina 44: nikivua miwani, meseji ya muamala naisoma vizuri tu. Macho yote yakirekebishwa yaone mbali, nitahitaji miwani ya kusomea simu, na simu ndiyo kazi yangu! Mdogo wangu ana 26, kwake hesabu ni tofauti.

3️⃣ Kipimo kwanza
Namba ya miwani imetulia angalau mwaka mzima? Konea ni nene vya kutosha? Macho si makavu sana? Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Ukiambiwa hufai, shukuru, umeokolewa jicho na hela.

4️⃣ Uliza bei nzima
Ni ya jicho moja au yote mawili? Vipimo, dawa za matone na marudio vimo? Jumlisha nauli ya Dar kwenda na kurudi, malazi, na siku ambazo hutajibu wateja. Bima nyingi huihesabu kama huduma ya hiari, kwa hiyo omba jibu la maandishi.

5️⃣ Hela ya mzigo haiguswi
Fungua kibubu chake. Ukitenga 20,000 kila wiki, kwa mwaka ni 1,040,000, na inatoka kwenye faida tu. Mkopo wa rejesho la kila wiki usiuchukue kwa hili: leza haileti wateja wiki ijayo, lakini rejesho linakuja.

6️⃣ Panga siku za kupona
Hakuna kufikicha jicho, na vumbi letu la kiangazi unalijua. Boda avae miwani ya kinga. Watangazie wateja mapema, tafuta wa kukushikia simu.

Uamuzi wetu? Mimi nabaki na miwani, nimeongeza pea ya akiba. Mdogo wangu kapimwa, anafaa, kibubu kimeanza.

Wewe ungetumia hela ya msimu kwa hili au ungeongeza mzigo? Tuambie kwenye komenti 👇