Kupigiana telefone wakati rezo imekatika

Wanamemba wa koperative, tuseme lori la maharagwe limekwama kwenye matope upande wa Walungu, na mnunuzi anangoja hapa Cimpunda. Rezo hakuna. Kufika saa kumi bila habari, atanunua kwa mwingine, na ninyi mtauza kesho kwa bei ya kutupa. Juu ya hiyo wengi mmetuuliza: telefone zinaweza kusemeshana zenyewe, bila mnara?

Zinaweza. Lakini kwa lori lile la Walungu jibu ni hapana, ni mbali sana. Waifai ya telefone inafika karibu metre mia moja pahali peupe. Kwetu Cimpunda, nyumba zimebanana na mlima unaziba, inafika chini ya hapo. Kwa hiyo telefone ya kwanza inapitishia ya pili, ya pili kwa ya tatu, kama watu wanaopokezana matofali. Kati ya depo na soko, inawezekana.

Taabu iko kwenye sauti. Mara nyingi programu inaikata vipande 50 kila segonde. Ujumbe wa maandishi ukichelewa kidogo hakuna neno, utafika. Sauti haingoji: kipande kikichukua zaidi ya milisegonde 150 njiani, wanaosema wanaanza kukatana maneno. Na kwa sababu telefone zote zinatumia njia moja ya hewani, haziwezi kusema pamoja. Mkipitia telefone moja ya kati, nguvu inabaki karibu nusu. Mbili za kati, karibu theluthi. Tena mwenye telefone ya kati akienda zake nyumbani, mnyororo unakatika katikati ya mazungumzo, mpaka ipatikane njia nyingine.

Watu wamejaribu. Kisha tetemeko la Haiti, Januari 2010, Paul Gardner-Stephen wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, alianzisha Serval, programu ya kupigiana simu bila mnara. Ilikutana na kizuizi: Android ya kawaida hairuhusu telefone kujiunga hivyo mpaka mfumo wake ufunguliwe. Afrika Kusini walichagua njia nyingine, Mesh Potato, kisanduku cha waifai kinachofungwa kwenye nyumba na kuchomekwa telefone ya kawaida. Jirani zetu wa Idjwi nao, katikati ya ziwa, walijengewa rezo ya jumuiya, Pamoja Net, yenye antene zilizosimama pahali pamoja.

Sisi tunaona visanduku vinafaa kuliko telefone za mfukoni, maana havitembei. Kimoja kiwe juu kabisa ya mlima, kione depo na soko kwa macho, na kiwe na paneli ya jua na batri yake. Mbele ya kununua chochote, ulizeni ruhusa kwa ARPTC. Halafu jaribuni siku ya soko, mvua ikinyesha, si Jumapili asubuhi. Sauti ikikatika-katika, rekodini maneno na kuyatuma kama ujumbe: «Lori limekwama, gunia 40 zinafika kesho.» Mnunuzi atasikia yote, hata kama yamechelewa dakika moja.