POMPI NDOGO ISIYOZUNGUKA

Pompi inaweza kusukuma maji bila chombo cha kuzunguka? Ndiyo. Katika mwaka 1809 Reuss, profesa wa Moscow, alionyesha kama elektriki inapitisha maji ndani ya udongo wa mfinyanzi.

Sababu yake: udongo ao kioo kikiguswa na maji kinashika chaji hasi. Chaji chanya za maji zinakusanyika karibu nacho. Elektriki inazivuta kwa waya hasi, nazo zinakokota maji. Matundu yawe membamba kuliko unywele. Yakiwa mapana, maji yanarudi katikati.

Kujaribu: sawazisha maji pande zote mbili, funga batri kadhaa zinazofuatana, ngoja, pima. Kiisha geuza waya. Maji yakirudi nyuma, elektriki ndiyo inafanya kazi. Yakiendelea vilevile, usijidanganye: tafuta panapovuja.