Kuziba Tundu Lisilotumika katika Boti ya Faiba

Katika madiko ya Pemba, boti za faiba sasa hulala sambamba na mashua na ngalawa, zikiwamo zilizogawiwa kwa wavuvi na wakulima wa mwani chini ya sera ya Uchumi wa Buluu. Boti hizi hutobolewa kwa ajili ya pampu ya ngama, kipima kina au boliti za injini. Kifaa kikiondolewa, tundu hubaki, na mwenye boti humwita fundi alizibe. Mteja anapaswa kujua analipia nini, kwani kazi mbovu ikishapakwa rangi haitofautiki kwa macho na kazi njema.

Kosa la kawaida linatokana na mazoea ya mbao. Kalafati huzuia maji katika mashua kwa sababu mbao hunywa maji, huvimba na kuibana pamba. Faiba haivimbi. Kigingi cha mti kilichopigiliwa ndani yake huweza kuupasua ukingo kikivimba, na boti ikipandishwa pwani hukauka kikalegea. Silikoni nayo hushika juu juu tu. Resini tupu isiyo na nyuzi hugandamana ikawa kama kioo, ikapasuka kwa mapigo ya mawimbi.

Kiraka madhubuti hakishikwi na tundu, bali na eneo linalolizunguka. Fundi husaga ukingo uteremke polepole, kwa upana wa mara 12 ya unene wa ubavu. Tuchukue tundu la sentimita 2.5 katika ubavu wa milimita 6: kila upande husagwa sentimita 7.2, na eneo zima hufikia takriban sentimita 17. Wapo wanaoshtuka kuona boti ikisagwa upana wa sahani kwa ajili ya tundu la kidole gumba. Ni afadhali kushtuka usipoona hivyo.

Kabla ya msasa, boti ioshwe kwa maji ya bomba, ikauke kabisa, kisha ipanguswe kwa asetoni, la sivyo mafuta yatasuguliwa ndani ya faiba. Tabaka moja la mkeka wa nyuzi za kioo wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa takriban milimita 1, hivyo ubavu wa milimita 6 huhitaji matabaka kama 6, yasiyowekwa yote kwa mkupuo kwa sababu resini ikigandamana hutoa joto kali. Kigandishi, ambacho mafundi hukiita hadina, kwa resini ya poliesta huwa takriban mililita 10 hadi 20 kwa lita. Maelekezo ya kopo ndiyo yafuatwe.

Usinunue kigandishi kilichomiminwa katika chupa ya maji ya kunywa. Ni angavu kama maji, mtoto huweza kukinywa, na tone lake jichoni huweza kupofusha. Dai kopo lenye lebo na tarehe ya mwisho wa matumizi, pamoja na risiti.

Patana na fundi kwa maandishi kwamba utaitwa ukague mara mbili: baada ya kusaga, na kabla ya rangi. Piga picha. Gonga kiraka kwa sarafu. Mlio mzito usiofanana na wa ubavu huashiria uwazi ndani. Sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mpaka boti ielee na upande wa ndani uonekane mkavu. Fundi akikataa kurekebisha, peleka maandishi, picha na risiti katika Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.