Kutaka Shauri Wakati wa Dhiki

Jua, ewe ndugu, ya kuwa mtu akifikiwa na deni, au msiba, au ugomvi wa nyumbani, huficha dhiki yake, akidhani ya kwamba kutaka shauri ni unyonge kwa mwanamume. Dhana hiyo si sahihi.

Tazama yaliyokuwa Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra. Sulhu ilipokwisha kuandikwa, Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha Masahaba wachinje na kunyoa, hata mara tatu, wala hakuinuka mtu kwa majonzi yao. Akaingia kwa mkewe, Ummu Salama, akamweleza. Naye akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake, kisha amwite kinyozi wake. Akafanya hivyo, walipomwona, wote wakainuka wakachinja.

Basi shauri lina adabu zake. Kwanza, mtafute mwenye dini, akili na ujuzi wa jambo lenyewe, ajapokuwa mdogo wako. Pili, mweleze kweli yote, usijitakase. Kutaja kosa la mwenzio kwa kutaka fatwa, Imamu Nawawi amekuhesabu katika sababu 6 zenye kuruhusiwa. Walakini kusema "mtu fulani", bila ya jina, ni bora. Tatu, mwenye kushauriwa ameaminiwa: siri yako ni amana kwake, na asilolijua aseme hajui.

Na dhiki ikizidi hata ukakosa usingizi na chakula, mwendee tabibu pia. Kisha swali istihara, ufunge azma, umtegemee Mola wako.

Wallahu aalam.